Formula 1 ikitaka kuja Kigali, sisi wa Bukavu tubishe mlango wa nani?



Tarehe 13 Desemba 2024, FIA, shirikisho la kimataifa linalosimamia michezo ya magari, lilifanya mkutano wake mkuu mjini Kigali. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mkutano huo kufanyika Afrika. Siku hiyo Rais Paul Kagame alitangaza rasmi kwamba nchi yake inaomba kuandaa Grand Prix ya Formula 1, mbio ambazo watangazaji wenzetu wa Kenya na Tanzania huziita langalanga. Miezi miwili baadaye, kati ya tarehe 14 na 16 Februari 2025, M23 iliingia Bukavu, baada ya kuchukua Goma mwishoni mwa Januari.

Mambo hayo mawili yalikutana katika barua moja. Mwezi huohuo wa Februari, waziri wetu wa mambo ya nje, Thérèse Kayikwamba Wagner, alimwandikia Stefano Domenicali, mkurugenzi mkuu wa Formula 1, akimwomba asimamishe mazungumzo na Rwanda. Formula 1 ilijibu kwa maneno ya kawaida ya makampuni makubwa: kwamba inafuatilia hali kwa karibu na uamuzi wowote utazingatia maslahi ya mchezo na maadili yake.

Tangu wakati huo, hapa mjini mjadala haujaisha. Wapo wanaosema barua ile ni kelele za wanasiasa, maana mbio za magari hazina uhusiano na vita. Wapo wanaosema wazungu wote ni wamoja, hakuna atakayetusikia. Wengine wanauliza kwa nini tusumbuke na magari ya matajiri wakati hapa mtu anatafuta unga. Nimewasikiliza wote na ninawaheshimu. Lakini naona tunabishana bila kujua jambo la kwanza: mbio hizi ni mali ya nani? Mtu asiyejua mwenye nyumba hubisha mlango wa jirani, halafu analalamika kwamba hakufunguliwa.

Mwenye Formula 1 ni kampuni ya Marekani. Naamini tukilijua hilo vizuri tutajua pia maneno gani ya kumwambia.

Parsele moja, wenyewe wawili

FIA ilianzishwa Paris mwaka 1904. Ndiyo yenye jina la ubingwa wa dunia wa Formula 1, ulioanza mwaka 1950. Ndiyo inayoandika kanuni, inayotoa leseni kwa madereva, na inayokagua kila uwanja wa mbio kabla ya kuupa cheti cha daraja la kwanza. Bila cheti hicho, gari la Formula 1 haliwezi kushindana hapo. Rais wake kwa miaka hii ni Mohammed Ben Sulayem kutoka Falme za Kiarabu, ambaye zamani alikuwa dereva wa rali.

Hadi hapo mtu angesema mwenye mali ni FIA. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1990, Tume ya Ulaya iliona kasoro: yule anayeandika sheria za mchezo ndiye huyohuyo anayefaidika na biashara yake. Mvutano ule uliisha mwaka 2001 kwa FIA kukubali kubaki na kazi ya kusimamia kanuni tu, na haki zote za biashara zikakodishwa kwa kampuni ya Bernie Ecclestone kwa miaka 100, kuanzia 2011 hadi 2110.

Ili tuelewane, fikiria mwenye parsele hapa Nguba. Kampangishia mtu kiwanja chake kwa miaka mia moja. Mpangaji kajenga ghorofa, anachagua nani aingie, anapokea kodi, anafunga geti saa anayotaka. Mwenye parsele bado ana karatasi zake na anaweza kusema ukuta huu usizidi urefu fulani. Lakini ukitaka chumba, unaenda kwa nani? Unaenda kwa yule mwenye funguo.

Funguo hizo zilipita mikononi mwa watu kadhaa, na mwezi wa Januari 2017 zikafika kwa Liberty Media, kampuni ya Marekani yenye makao yake Englewood, katika jimbo la Colorado. Hiyo ndiyo inayoamua msimu huu magari yaende nchi gani. Nchi au kampuni inayotaka kuandaa mbio hulipa ada, mara nyingi makumi ya mamilioni ya dola kila mwaka. FIA nayo hupitisha kalenda na kukagua uwanja. Tangu Wamarekani wachukue, mbio za kwao zimeongezeka: Austin ilikuwepo tangu 2012, Miami ikaongezwa 2022, Las Vegas ikaongezwa 2023.

Kwa hiyo, Kigali ilipoomba, iliomba milango miwili. FIA ilikwisha kufungua wake, hata ikaja kulala Kigali na sherehe zake za zawadi. Mlango wa pili ndio bado, na huo uko Marekani.

Ndiyo ya Paris haikutosha

Mtu ataniuliza: je, kweli huyo mwenye funguo ana nguvu kuliko shirikisho? Mfano upo, tena wa Wamarekani wenyewe.

Mario Andretti alikuwa bingwa wa dunia wa Formula 1 mwaka 1978. Hadi leo hakuna Mmarekani mwingine aliyetwaa taji hilo baada yake. Mwanawe Michael aliamua kuunda timu mpya ya kuingia katika Formula 1, akishirikiana na General Motors kwa jina la Cadillac. Mwezi wa Oktoba 2023, FIA ilipima maombi yake ikasema ndiyo. Mwishoni mwa Januari 2024, Formula 1, yaani kampuni ya Liberty, ikasema hapana. Ilieleza kwamba timu hiyo isingeongeza thamani ya mashindano. Ndiyo ya FIA ikabaki karatasi.

Sasa tazameni walichofanya. Hawakukaa kulalamika kwamba dunia haiwapendi. Mario Andretti, mzee wa zaidi ya miaka 80, alikwenda Washington hadi bungeni. Mwezi wa Mei 2024, wabunge kutoka vyama vyote viwili waliiandikia Liberty Media barua wakitaka maelezo. Mwezi wa Agosti, kampuni ikathibitisha kwamba wizara ya sheria ya Marekani inafanya uchunguzi. Novemba 2024 ikatangazwa kwamba wamekubaliana kimsingi: Cadillac itaingia kama timu ya kumi na moja msimu wa 2026. Ni kweli General Motors iliahidi pia kutengeneza injini yake, na hilo lilikuwa na uzito. Lakini hakuna anayeweza kusema kwamba ule mlango ulijifungua wenyewe.

Katika mambo ya magari, Wamarekani wamezoea kumuuliza mwenye mashindano maswali magumu. NASCAR, mashindano yao yanayopendwa zaidi, yameongozwa na familia moja, ya France, tangu 1948. Familia hiyo inaandika kanuni, inagawa nafasi kwa timu, na inamiliki viwanja vingi. Oktoba 2024, timu mbili, moja yao ikiwa ya Michael Jordan yule wa mpira wa kikapu, ziliishtaki mahakamani kwa kosa la kuhodhi biashara. Desemba 2025, katikati ya kesi, wakaelewana, na timu zikapata vibali vya kudumu. Si lazima uwe Jordan ili ujifunze hapo. Mashindano yoyote yana mwenye nayo, naye ana anwani, ana wanahisa, na anaogopa mambo fulani.

Sisi pia tujue anaogopa nini. Haogopi machozi. Anaogopa wabunge wa nchi yake, wadhamini wanaoweka majina yao kwenye magari, na maswali yanayoulizwa mbele ya wanahisa.

Wamewahi kukataa

Jibu ambalo viongozi wa michezo hutoa haraka ni kwamba michezo huunganisha watu, siasa zikae pembeni. Ni maneno mazuri. Lakini mwenendo wao wenyewe unaonyesha wamewahi kuchagua vingine.

Tarehe 24 Februari 2022 Urusi ilianza uvamizi wa Ukraine. Siku iliyofuata, Formula 1 ikatangaza kwamba mbio za Sochi haziwezi kufanyika katika hali ile. Mwanzoni mwa Machi ikavunja kabisa mkataba na mwandaaji wa Urusi. Haikuchukua hata majuma mawili.

Mwaka 1985, Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi iliandaa Grand Prix uwanjani Kyalami. Timu mbili za Ufaransa, Renault na Ligier, zilikataa kwenda. Baada ya hapo mbio hazikurudi Kyalami mpaka 1992, wakati ubaguzi ulipokuwa unavunjwa. Zikafanyika tena 1993, na huo ndio mwaka wa mwisho Afrika kuona Grand Prix.

Hata Marekani kwenyewe, shirikisho liliwahi kujiondoa kwa sababu ya dhamiri. Juni 1955, huko Le Mans, Ufaransa, gari liliruka katikati ya watazamaji na watu zaidi ya 80 wakafa. Chama cha magari cha Marekani, AAA, ambacho kwa miaka mingi kilisimamia mbio kubwa za Indianapolis, kikasema mwaka huohuo kwamba hakitasimamia tena mbio zozote. Chombo kingine, USAC, kikaundwa kuchukua kazi hiyo. Mbio hazikufa. Msimamizi mmoja tu alisema: hapa jina letu halitawekwa.

Basi wasituambie kwamba haijawahi kutokea. Imetokea, na kila mara mchezo ulibaki hai.

Hoja ya upande wa pili ina uzito

Ningekuwa mwandishi mbaya kama nisingesikia wanaopinga. Hoja yao kubwa ni hii: mbona Saudi Arabia ina Grand Prix? Mbona Azerbaijan? Mbona Bahrain? Kwa nini Afrika tu ndiyo iombwe mikono safi kabla ya kukaa mezani?

Hoja hii ni ya kweli, na ninaiongeza ushahidi. Tarehe 25 Machi 2022, majuma machache tu baada ya Sochi kufutwa, magari ya Formula 1 yalikuwa mazoezini Jeddah. Wapiganaji wa Houthi kutoka Yemen, nchi ambako Saudi Arabia ilikuwa inapigana tangu 2015, walirusha makombora yakapiga ghala la mafuta karibu na uwanja. Moshi mweusi ulionekana na madereva wakiwa ndani ya magari. Usiku ule madereva walikutana kwa saa nyingi, wengine hawataki kuendelea. Jumapili mbio zikafanyika kama kawaida.

Kwa hiyo kanuni ya Sochi haikuwa kanuni. Ilikuwa uamuzi wa siku moja, kwa nchi moja. Hilo ndilo linaloniuma, na linapaswa kumuuma pia Mnyarwanda anayependa mbio. Kama hakuna sheria iliyoandikwa, kila nchi itahukumiwa kwa kipimo cha mfuko wake na marafiki zake. Lakini dawa ya kipimo kibovu si kuomba na sisi tupimwe nacho. Dawa ni kudai kipimo kimoja kwa wote: Jeddah, Sochi, Kigali, na Kinshasa pia siku ikifika.

Na kipimo si lazima kitungwe na mimi wala na Kinshasa. Tarehe 21 Februari 2025, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2773 kwa kura zote. Azimio hilo linalitaka jeshi la Rwanda liache kuisaidia M23 na liondoke katika ardhi ya Kongo. Rwanda inakanusha kuisaidia M23, inasema imechukua hatua za kujilinda dhidi ya FDLR. Mimi ni mtu wa redio, si hakimu. Lakini kura 15 kwa 15 katika baraza ambamo Marekani, Urusi na China hukataana karibu kila kitu si uvumi wa sokoni. Kampuni inayosema ina maadili inaweza kusoma karatasi hiyo kwa dakika kumi.

Si chuki kwa jirani, wala kwa magari

Hapa lazima nieleweke vizuri, maana mji wetu umejaa maneno ya kuchomana.

Kutoka Nguba hadi daraja la Ruzizi ya kwanza ni mwendo wa miguu. Ng'ambo ni Rusizi, ambayo wengi bado tunaiita Cyangugu. Mama zetu huvuka pale na mabeseni, watu huvuka kwenda kutibiwa, na familia nyingi zina ndugu pande zote mbili. Barabara ya Ngomo ya kwenda Uvira ikiharibika, gari zetu hupita kwenye lami ya jirani na kurudi Kongo chini kabisa. Ubaya wa barabara yetu haukuletwa na Mnyarwanda wa kawaida.

Wala sina neno na mbio za magari. Rwanda ina rali yake, Mountain Gorilla Rally, ambayo kwa miaka mingi imeleta madereva wa Uganda, Burundi na Kenya, na sijasikia mtu wa Bukavu akiipinga. Kenya ina Safari Rally tangu 1953. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, aliishinda mara tano. Ilipotolewa katika ubingwa wa dunia baada ya 2002, Wakenya hawakulala, wakafanya kazi mpaka ikarudi 2021. Ndiyo maana sipendi mtu anaposema Formula 1 italeta mchezo wa magari Afrika. Mchezo upo, una mabingwa wake, na vijana wetu wanaoendesha motari kwenye matope ya Bagira wana ustadi ambao hakuna shule iliyowafundisha.

Suala ni kitu kimoja. Grand Prix haifanani na rali ya wikendi. Serikali hununua Grand Prix ili dunia iitazame kwa jicho jipya. Kamera zinapozunguka mlima na ziwa, mtazamaji wa Miami anaambiwa: hapa ni mahali pa amani, njoo utembee. Ni ziwa lilelile, ndugu zangu. Upande huu wa maji, mabenki yalifungwa tangu Februari 2025. Uwanja wa ndege wa Kavumu ulifungwa. Mfanyakazi wa serikali alipoteza njia ya kupata mshahara wake, na kadhafi wa mafuta barabarani akawa anauza kwa bei anayoamka nayo. Picha inayoonyesha upande mmoja wa ziwa na kuficha wa pili haiwezi kuitwa burudani tu.

Barua hufanya kazi, ila polepole

Kwa wale wanaosema hakuna atakayetusikia, angalieni mpira. Februari ile ile, waziri aliwaandikia pia Arsenal, Bayern München na Paris Saint-Germain, timu zilizokuwa zinatangaza utalii wa Rwanda. Watu wakacheka. Agosti 2025, Bayern ikabadilisha mkataba wake, tangazo likaondoka na kubaki mpango wa kukuza vipaji vya vijana. Novemba 2025, Arsenal ikatangaza kwamba mkataba wake utaisha na msimu, Juni 2026. PSG yenyewe iliongeza mkataba hadi 2028. Kwa barua tatu, mbili zilipata jibu fulani. Na mashabiki wa Arsenal wenyewe walisaidia, kwa kuandamana London.

Upande mwingine, mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika Kigali Septemba 2025 ingawa Bunge la Ulaya lilikuwa limeomba yaondolewe kama hali haibadiliki. Shirikisho la baiskeli lilisema halina mpango mwingine, na likaendelea. Tofauti ni ipi? Arsenal ina mashabiki na wadhamini wanaoweza kuitia aibu kila Jumamosi. Shirikisho lina kura za wanachama wake tu. Formula 1 inafanana na Arsenal. Inaishi kwa majina yaliyobandikwa kwenye magari.

Na kuna jambo ambalo halikuwepo Februari 2025. Tarehe 27 Juni 2025, mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walitia sahihi mkataba wa amani Washington, Marekani ikiwa msuluhishi. Tarehe 4 Desemba marais wenyewe wakakutana hukohuko kuuthibitisha. Siku chache baadaye M23 iliingia Uvira. Msuluhishi wa vita vyetu ni Marekani, na mwenye funguo za Formula 1 ni kampuni ya Marekani. Sisemi serikali yao na kampuni ni kitu kimoja. Lakini mbunge aliyeweza kuiandikia Liberty kwa ajili ya timu ya Andretti anaweza kuiandikia kwa ajili ya mkataba ambao nchi yake mwenyewe iliusimamia.

Mkuki kwa nguruwe

Hatuwezi kumnyooshea jirani kidole na kusahau nyumbani. Mwaka huohuo wa 2025, serikali yetu ya Kinshasa ilitia sahihi mkataba na FC Barcelona wa miaka minne, wenye thamani ya zaidi ya euro milioni 40, ili jina la Kongo liwekwe kwenye mavazi ya mazoezi. Mikataba mingine ilifanyika na AS Monaco na AC Milan. Nchi ambayo walimu wake hugoma kwa mshahara inalipa Barcelona iiite moyo wa Afrika.

Tukisema ni vibaya jirani kununua sura nzuri kwa pesa ya umma, basi ni vibaya hata kwetu. Tukisema kwetu ni diplomasia, tusishangae Kigali ikisema hivyohivyo. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kila waziri anayepeleka barua kwa Liberty ajue kwamba upande wa pili kuna mwanasheria atakayemwekea mkataba wa Barcelona mezani na kumuuliza maswali. Hoja yetu inakuwa na nguvu tukiwa na mikono ya kuionyesha.

Ninachoomba

Kalenda ya 2026 haina mbio hata moja Afrika. Afrika Kusini nayo inaitaka Kyalami irudi, na Juni 2025 FIA ilikubali mipango ya kuuboresha uwanja huo ufikie daraja la kwanza. Muda upo kabla ya sahihi yoyote kuwekwa. Kwa hiyo naomba mambo matatu, kila moja kwa mwenyewe.

Kwa Liberty Media na FIA: andikeni kanuni, muiweke wazi. Nchi ambayo Baraza la Usalama limeitaka itoe jeshi lake katika nchi nyingine isipewe mkataba mpya mpaka Baraza hilo liridhike. Kanuni hiyo isitaje Rwanda, isitaje Kongo. Iwe ya wote. Rwanda ikitimiza, na ije iandae, nasi tutavuka Ruzizi kwenda kutazama kama tunavyovuka kwenda sokoni.

Kwa Kinshasa: endeleeni kuandika, lakini msiishie kwa Domenicali. Ofisi yake iko London. Wanahisa wako Marekani, wabunge wako Washington, na wadhamini wana majina makubwa yanayosomeka kwenye kila gari. Tena pesa za Barcelona zielezwe bungeni, mstari kwa mstari.

Kwetu sisi wakaaji wa Bukavu, na ndugu zetu waliotawanyika Marekani: ninyi mlioko Ohio, Texas, Kentucky na Iowa mna kitu ambacho sisi hapa hatuna. Mna mbunge wa eneo lenu, na ofisi yake inapokea simu na barua kutoka kwa mkaaji yeyote. Msipeleke matusi. Pelekeni azimio namba 2773, pelekeni tarehe ya Sochi, pelekeni tarehe ya Jeddah, na swali moja: kanuni ni ipi?

Mzee Andretti alikuwa na swali kama hilo. Alisafiri nalo mpaka bungeni akiwa na miaka 84, na hakuwa na kaburi hata moja la kuonyesha. Sisi tunayo.

Kutoka Nguba, komini ya Ibanda, Bukavu.